Wembe wa Kale Unarudi Kazini

Leo nina wembe hapa mezani. Sisemi ule wa karatasi unaouzwa vipande vitano vitano dukani kwa Mangi. Nasema wembe wa kukunja, wenye mgongo mnene na mpini wa vipande viwili, makali yake yakijificha katikati ya mpini ukiufunga. Watu wazima huenda mliuona kwa kinyozi wa zamani, mkanda wa ngozi ukining'inia kando. Vijana mmeuona kwenye sinema, na huko kwa kawaida kuna mtu anauawa nao.

Nianze na lawama. Nyembe nyingi za aina hii hazikuuawa na kutu. Kutu hula polepole, tena hadharani. Zimeuawa na watu wanaozipenda. Mtu anaukuta wembe sandukuni mwa marehemu babu yake, au anauokota kwenye soko la vitu vya kale huko Ulaya, anaona umeota kutu, uchu unampanda, anawasha grinda. Dakika tano tu, wembe unang'aa hadi anajiona uso. Lakini wembe wenyewe umeshakufa. Ataunoa leo na kesho, na kila mara utamng'oa ndevu badala ya kuzikata.

Sababu yake ni joto. Chuma cha pua cha nyembe hizi kina kaboni kama asilimia 1, mara nyingine zaidi kidogo. Mhunzi alikipasha moto mpaka kikawa chekundu, akakizamisha ghafla, kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kisha akakipasha tena, safari hii kwa kiasi, nyuzi joto 200 na ushee tu, ili kipunguze kuvunjika bila kupoteza ugumu. Sasa, makalini chuma ni chembamba mno, joto halina mahali pa kukimbilia. Grinda ikikaa hapo sekunde chache, chuma kinapita lile joto la mhunzi. Utaona rangi ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha buluu. Ukishaiona buluu, weka wembe chini, kaufanye pambo. Ugumu uliotoka haurudishwi na kinoo.

Kwa hiyo kazi ninayoieleza leo inafanywa kwa mkono na maji, na kwa kiasi kikubwa ni kazi ya kujizuia. Chuma unachokiondoa hakirudi. Fundi mzuri wa nyembe za kale utamjua kwa vile alivyoviacha.

Huu ulio mbele yangu umetoka Sheffield, Uingereza. Shingoni, pale chuma kinapokaribia mpini, pamegongwa taji dogo na herufi mbili, V na R. Huyo ni Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Zingekuwa W na R, tungerudi kwa William wa Nne, kati ya 1830 na 1837. Kuna dalili nyingine pia. Mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa zinazoingia kwao ziandikwe jina la nchi zilikotengenezwa. Ndiyo maana wembe wenye jina la mji peke yake, Sheffield, pasipo neno England, mara nyingi ni wa kabla ya hapo. Nasema mara nyingi. Mafundi wale walikuwa wanatafuta riziki, hawakuwa na habari kwamba siku moja sisi tutakaa kuzipekua alama zao.

Sheffield haikupata sifa hivi hivi. Miaka ya 1740 fundi saa mmoja, Benjamin Huntsman, alikuwa anatafuta springi bora za saa zake. Akayeyusha chuma ndani ya vyungu vya udongo mpaka kikawa maji kabisa, kikachanganyika sawasawa. Inasimuliwa kwamba watengeneza visu wa mji ule walikikataa, wakisema ni kigumu mno kufanyia kazi, naye akawauzia Wafaransa. Visu vya Wafaransa vilipoanza kuingia Uingereza na kusifiwa, wenyeji ndipo wakashtuka. Kwa mwenye wembe mkononi, jambo la Huntsman si hadithi tu. Chuma kisichochanganyika kina mahali pagumu na mahali laini, na makali yake hayapatani na shavu.

Mshindani mkubwa wa Sheffield alikuwa Solingen, Ujerumani, na mpaka leo nyembe za kukunja bado zinatengenezwa huko. Ukiziweka pamoja utaona tofauti. Wembe wa zamani wa Sheffield, hasa zile kubwa za Wade & Butcher zilizopelekwa kwa wingi Marekani, ni kabari: mnene mgongoni, ukipungua moja kwa moja hadi makalini. Wa Solingen umechimbwa mashavuni pande zote mbili, karibu na makali ni mwembamba hata ukiukwaruza kwa ukucha unalia. Kabari ni nzito na imara ila kuinoa kunachosha, maana eneo kubwa la chuma linagusa jiwe.

Nyembe hizi zilitoka vipi mikononi mwa watu na kuingia masandukuni? King Camp Gillette. Mwaka 1903 kampuni yake huko Marekani iliuza vyombo 51 tu vya kunyolea na nyembe za kutupa 168, biashara ambayo mtu mwingine angeifunga. Vita Kuu ya Kwanza ikamwongezea wateja: jeshi la Marekani lilinunua vyombo hivyo kwa mamilioni, vijana wakarudi nyumbani wamezoea. Baba akabaki na wembe wake, mtoto hakuutaka, na sasa mjukuu ndiye anayeufungua anaushangaa.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa pwani hii, nalo liko kwenye mpini. Mipini mingi ilikuwa ya pembe ya ng'ombe au nyati, kama huu wangu. Ya gharama ilikuwa ya pembe za ndovu. Joseph Rodgers, kampuni kubwa ya visu ya Sheffield, ilijulikana kwa ghala lake la pembe, wageni wakipelekwa kuzitazama. Na karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe hizo Afrika Mashariki, zikiletwa na misafara kutoka bara kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, juu ya mabega ya watu. Siwezi kusema mpini huu au ule ulitoka kwetu, lakini ukiushika mmoja wa aina hiyo, ujue ulibebwa na mtu. Tena ujue sheria. Mwaka 1989, mwaka ambao Kenya ilichoma tani 12 za pembe jijini Nairobi, mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliolipeleka pendekezo. Wembe wenye mpini wa namna hiyo usiubebe kuvuka mpaka kwa kudhani ni kitu kidogo cha babu. Utakamatwa uwanja wa ndege, na hapo utakuwa huna la kujitetea.

Haya, tushike kazi.

Kabla ya msasa, kagua. Toka nje penye mwanga wa jua, chukua lenzi kama ile ya sonara, pitia makali kutoka kisigino mpaka ncha. Unatafuta ufa. Ufa mwembamba kama unywele ukianzia makalini unamaliza habari. Hakuna kiungo cha wembe. Gonga mgongo taratibu kwa ukucha na usikilize: mzima hulia, wenye ufa husema butu. Kisha tazama kutu imekaa wapi. Kutu ya shavuni ni sura, kutu ya makalini ni maradhi. Vishimo vya shavuni unaweza kuishi navyo maisha yako yote, lakini vikifika makalini, kila ukinoa utafungua kishimo kingine na makali yatakatika hapo. Huu wangu una vishimo vingi upande mmoja, vyote viko nusu sentimita juu ya makali. Kwa maneno mengine, una bahati.

Tazama pia umbo la makali. Yakiwa yamenyooka, vizuri. Yakiwa yametokeza nje kidogo katikati, yananoleka. Yakiwa yameingia ndani, kazi ipo, kwa sababu jiwe bapa litagusa ncha zote mbili na kuliacha tumbo.

Usafishaji wenyewe huanza na maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki mkuukuu, hasa ndani ya mpini ambako kuna povu lililokauka tangu zama za mwenyewe. Kausha, dondosha mafuta mepesi ya mashine kwenye kutu, acha yakae. Halafu laza wembe juu ya ubao, makali yasitokeze nje ya ubao, na usugue kwa urefu wake kwa msasa wa maji: namba 600, kisha 1000, kisha 2000, vidole vikiwa upande wa mgongoni muda wote. Namba 400 itumie kwa kutu sugu tu. Kutu nyekundu bado inakula, iondoe. Doa jeusi limeshatulia, liache. Maandishi ya dhahabu yakiwepo, usiyaguse hata kwa polishi, ni ukungu tu wa dhahabu na utafutika kwa kitambaa.

Na sababu ya kusisitiza maji si usafi peke yake. Wanoaji wa Sheffield walifanya kazi wameinama juu ya mawe ya kuzunguka, vumbi la jiwe na chuma likiwaingia kifuani, na wengi walikufa wangali vijana. Engels aliwataja kwenye kitabu chake cha 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi Uingereza. Waliosaga kwenye jiwe kavu walitangulia kufa kuliko waliosaga kwenye jiwe la maji. Vumbi la mapafu halijabadilika tangu enzi hizo.

Mpini nao usiufungue ila ikibidi. Umeshikwa na ribiti nyembamba ya shaba, na kuifungua maana yake ni kukata kichwa chake kwa tupa na kutengeneza nyingine: waya wa shaba wa milimita 1.6 hivi, washa ndogo kila upande, kisha unagonga kwa nyundo ndogo kidogo kidogo hadi kichwa kivimbe. Anayezoea nyundo kubwa atapasua pembe kwa pigo la pili. Pembe iliyokauka na kupauka ipake mafuta, uiache ikae inywe kwa siku kadhaa. Ila mpini wa seluloidi, ile plastiki ya mwanzo kabisa iliyoenea tangu miaka ya 1870, ni habari nyingine. Ikizeeka inaoza na kutoa mvuke wenye asidi, unaoula wembe uliofungwa ndani. Utaitambua: kutu imechora umbo la mpini juu ya chuma. Hapo mpini utoke, usibembelezwe. Na usiusogeze karibu na moto, seluloidi hushika moto upesi sana.

Sasa kunoa, ambako ndiko wengi hukwama, na ndiko uzuri wa wembe huu ulipo. Kisu unakinoa kwa kukisia ulalo wake juu ya jiwe. Wembe wa kukunja haukisiwi. Unaulaza bapa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe kwa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaoweka kipimo, jumla ya nyuzi 16 au 17 hivi makali mawili yanapokutana. Aliyeubuni alimwondolea mnoaji kazi ya kukisia. Ndiyo sababu mgongo uliosagwa ovyo na grinda unaharibu kila kitu: umepoteza kipimo. Wengine hubandika tepu ya umeme mgongoni ili usilike, mimi naona ni busara kwa wembe wenye nakshi.

Kinoo chenyewe lazima kiwe bapa. Jiwe lenye shimo katikati, kama yale tuliyonayo uani ambayo visu vimeyala, halifai hata kidogo. Lisawazishe kwanza kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Anza na kinoo cha namba 1000 kilicholoa maji. Sukuma wembe makali yakitangulia, ukifika mwisho ugeuze juu ya mgongo wake, urudi. Usikandamize. Paka wino wa kalamu nene makalini kabla ya kuanza, upitishe mara mbili tatu, utazame wino umefutika wapi. Palipobaki wino jiwe halijafika. Hapa ndipo penye saa nyingi kuliko kwingine kote. Ni lazima pande mbili zikutane kwa urefu wote, kisigino mpaka ncha, kabla hujalihama jiwe hilo. Jaribu kwenye malaika ya mkono: wembe ulio tayari huyakata mahali popote pa makali. Ukiona unakata katikati tu, rudi, usijidanganye kwamba jiwe laini litamaliza. Jiwe laini linang'arisha, kazi iliyoachwa na jiwe la kwanza haliiwezi.

Baada ya hapo mambo ni mepesi: namba 4000, 8000, na mwenye uwezo 12000, kila jiwe likifuta mikwaruzo ya lililotangulia. Kuna wanaopenda mawe ya asili, na la Ubelgiji linaloitwa coticule, linalochimbwa milima ya Ardennes, lina sifa ya miaka mingi. Ni jiwe la njano hafifu lenye chembechembe za ganeti ndani yake, nazo ndizo zinazokata. Zuri, ghali, si lazima.

Mwisho ni mkanda wa ngozi. Hapa mgongo ndio unaotangulia, makali yakifuata nyuma. Ukikosea mwelekeo umeukata mkanda. Ngozi hainoi kama jiwe. Inanyoosha. Ukingo wa makali ni mwembamba kiasi kwamba unapinda mithili ya ukindu, na ngozi huurudisha kwenye mstari. Pitisha mara thelathini, arobaini, kila mara kabla ya kunyoa, mkanda ukiwa umekazwa.

Lakini mbona unywele unashinda chuma, hadi wembe unakuwa butu? Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, akina Gianluca Roscioli na Cem Tasan, walichapisha jibu lao katika jarida la Science. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kama mara 50. Roscioli akawa ananyoa ndevu zake mwenyewe na kuzitazama nyembe kwa hadubini ya elektroni. Walichokuta ni kwamba makali hayaliki polepole kama tunavyodhani, yanamegeka vipande vidogo sana. Unywele ukipinda chini ya wembe, ukakuta mahali ambapo chuma hakikuchanganyika sawasawa, unabandua kipande. Walichunguza nyembe za kutupa, si hizi za kale, ila mtu akilisoma jibu lile anamkumbuka Huntsman na vyungu vyake.

Kunyoa: maji ya moto, povu zito, vuta ngozi kwa mkono wa pili, laza wembe kiasi cha nyuzi 30, fuata ndevu zinakoelekea. Anzia shavuni, kidevu kisubiri. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mtoto huyo sitaki awe wewe asubuhi ya Jumatatu ukichelewa kazini. Na ukipewa wembe wa babu pamoja na brashi yake, brashi iache. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza brashi za manyoya ya farasi ambayo hayakusafishwa vyema ziliwaambukiza wanajeshi kimeta, na vijidudu vya kimeta vinaishi miaka mingi sana. Brashi mpya si ghali.

Nimalizie na la afya. Wembe uliokaa sandukuni miaka hamsini hauna virusi vilivyo hai, uoshe, uufute kwa spiriti, umemaliza. Hatari inaanza siku utakapomwazima shemeji. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili hata siku 7, kwenye tone la damu usiloliona, na wembe huu huwezi kuuchemsha bila kuharibu mpini. Kwa hiyo ukishaunoa na ukanyoa, ukaushe mpaka ndani ya mpini, upake mafuta kidogo, uweke mbali na watoto, na mtu yeyote akikuomba mwambie anunue wa kwake.